Gari langu nimemuuzia nisiyemjua

Jarida limetuuliza wasomaji wiki hii: kitu unachokipenda kwa dhati ungemuuzia mtu usiyemjua, au ungengoja mpaka apatikane ndugu wa kukichukua? Na ukiuza, ungemwekea mnunuzi masharti?

Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Ningemuuzia nisiyemjua, na nimekwisha kufanya hivyo. Datsun 240Z yangu imekwenda kwa kijana wa Arusha ambaye kabla ya mwaka huu sikuwahi kumtia machoni. Ndugu ninao, tena wengi, na shida ya hela iliyonikaba koo sikuwa nayo. Nimeuza kwa sababu nalipenda gari lile na nataka liendelee kutembea.

Kwa wasiolijua: ni gari la mbio la milango miwili, boneti refu, dereva anakaa nyuma kabisa karibu na tairi za nyuma. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2393, na inalishwa na kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z. Lilianza kutoka kiwandani mwaka 1969, na mwaka 1973 nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na toleo lililofuata, 260Z.

Sisi huku hatukulijua kwa matangazo ya biashara. Tulilijua kwa Safari Rally. Mbio zile zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilikuwa za Pasaka. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata akarudi na 240Z akashinda tena, na aliyemfuata alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiendesha 240Z. Halafu ikaja 1973, ambayo mimi naikumbuka vizuri zaidi ingawa nilikuwa mtoto wa shule. Mehta alimaliza akiwa sawasawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Ikabidi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza, na ushindi ukawa wa Mehta. Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, wazee walibishana juu ya hukumu ile mpaka adhana ya isha. Mimi sikubishana na mtu. Nilichokuwa nataka ni gari lenyewe.

Nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa mfanyakazi wa bandari. Mwenyewe alikuwa mhandisi aliyemaliza kazi zake kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza na alikuwa anarudi kwao. Hatukujuana. Hakuna aliyenipeleka kwake wala aliyenidhamini. Alinihoji maswali ya ufundi, akanitazama ninavyofunga mlango wa gari, akakubali. Kwa hiyo kila ninaposikia mtu anasema kitu cha thamani hakitoki nje ya ukoo, najiuliza: angeshika msimamo huo yule bwana, mimi ningelipatia wapi?

Sasa kwa nini niliuze. Wenzangu wa Tanga mnaelewa habari ya upepo wa bahari. Ukikaa Raskazone au Chumbageni, bati, nondo, baiskeli, vyote vinaliwa. Chuma cha 240Z ni chembamba, na zamani kinga ya kutu viwandani haikuwa ya kutegemea. Kutu yake ina mahali inapopenda kuanzia: chini ya betri, kwenye mihimili inayopita chini ya sakafu, chini ya milango, na kwenye matao ya tairi za nyuma. Gari linaloendeshwa na kuoshwa kila mara unaiona kutu mapema. Gari lililofunikwa turubai uani unakuja kuiona siku mguu unapotoboa sakafu. Na mimi nyonga yangu hainiruhusu tena. Kuingia ndani ya gari la chini namna ile naweza, kutoka ndiyo kazi. Wanangu wako Dar es Salaam katika nyumba za kupanga, hata pa kulilaza hawana, na waliniambia wazi kwamba hawalitaki. Niliwashukuru kwa kusema kweli.

Aliyelitaka ni mpwa wangu. Kijana mzuri, ana heshima, na nikiumwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Akaja na maneno mazuri: "Mjomba, gari lisitoke nyumbani. Niachie mimi, nitakulipa kidogo kidogo." Alikuwa na mpango wa kulikodisha kwenye maharusi. Nililala na jambo hilo muda mrefu, maana kumkatalia mtoto wa dada si jambo dogo kwetu.

Nilichoona ni hiki. Ukimuuzia ndugu, bei haisemwi ikasemeka, na kasoro nazo hazisemwi, kwa sababu ukizitaja sana unaonekana hutaki kumpa. Injini ikimsumbua mwezi wa tatu, hawezi kuja kulalamika kwangu, na mimi siwezi kumuuliza malipo. Tutaanza kukwepana hadi kwenye Idi. Kubwa zaidi ni kwamba gari likimshinda hataweza kuliuza, kwa kuwa litakuwa "gari la mjomba". Atalisogeza chini ya mwembe. Nawajua watu hapa mjini walioachiwa Peugeot 404 na marehemu baba yao. Warithi ni zaidi ya mmoja na kila mmoja anamheshimu marehemu, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuiuza na hakuna anayetoa hela ya kuitengeneza. Majani yameota kwenye mfereji wa kioo cha mbele, kuku wanataga kiti cha nyuma. Ilikuwa gari nzima ilipoegeshwa pale. Mapenzi ya ndugu ndiyo yaliyoiua.

Basi nikamwita mpwa wangu nikamweleza yote haya, bila kuzunguka. Alinyamaza siku kadhaa, kisha akarudi, tukaendelea kama zamani.

Wageni nao si wote. Mmoja alitaka kung'oa injini aweke ya Toyota yenye turbo. Ni haki yake kwa gari lake, lakini silitoi langu kwa kazi hiyo. Mwingine, dalali, alitaja bei kubwa kuliko wote na hakuuliza hata mwaka wa gari. Najua kwa nini: 240Z zimepanda bei sana nchi za nje, na tangu ianze Safari Classic mwaka 2003 kwa magari ya zamani, hata huku watu wanazitafuta. Nilimwambia asante. Hela ile niliiacha ipite, na roho yangu imetulia.

Huyu wa Arusha alianza kunivutia kabla hajafika. Alinipigia simu usiku kutoka Kange, stendi ya mabasi ya hapa Tanga, akaniamkia, kisha akasema: "Mzee, nakuomba kitu kimoja. Kesho usiliwashe kabla sijafika." Anayejua injini za kabureta anajua maana ya ombi hilo. Injini ikishapata moto inaficha mengi. Ukitaka kuijua, ikute imelala.

Asubuhi alifika na kitu cha kwanza aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la baridi. Akatoa mfukoni sumaku aliyoizungushia kitambaa laini isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha kwenye bodi taratibu: mlango, chini ya mlango, matao ya tairi. Penye bati sumaku inashika, penye puti, ule udongo wa kujazia bodi, inaachia. Ilipofika tao la nyuma kushoto ikaachia. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba pale palichomelewa na kujazwa. Akanitazama, akasema, "Hapa ulishaniambia, mzee," akaendelea. Kisha akatandika boksi chini, akalala chali na tochi, akawa anagonga mihimili ya chini kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Aligonga kila mahali, hata pale ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimepagusa siku nyingi.

Ndipo akawasha. Alivuta choki, inayobana hewa ili injini baridi ishike, akapiga starti, injini ikashika, akairudisha choki polepole kadiri ilivyopata joto. Akaniomba kipande cha mpira wa maji. Fundi wangu, ambaye ameshika gari lile tangu ujana wake na siku hiyo nilimwalika aje, akatabasamu kabla hata mimi sijaelewa. Kijana akaweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, akasikiliza hewa inavyovutwa, kisha akahamia ya nyuma. Akarudia. "Ya nyuma inavuta zaidi kidogo," akasema. Ni kweli, na tulikuwa tunaijua. Akafungua vifuniko vidogo juu ya kabureta zote mbili kuangalia kama zina oili. Watu waliowahi kuja na mafundi wao kulikagua gari lile hawakufungua vifuniko vile hata siku moja.

Tulitoka naye hadi Pongwe kwa barabara ya Segera, yeye akiendesha na mimi kando yake, maana gari haliondoki na mnunuzi peke yake, hata awe nani. Giaboksi ikiwa baridi, gia ya pili hutaka isubiriwe kidogo, na sikumwambia. Aliisubiri mwenyewe. Tulipofika kwenye mteremko sikuwa na swali tena. Watu wa Tanga tunasemwa kwa ile "waja leo waondoka leo", na kwa kweli mgeni yule alikuja leo akaondoka kesho. Lakini katika asubuhi ile moja alilijua gari langu kuliko wote waliokua wakiliona uani kwangu.

Mke wangu aliuliza, "Na akiligonga njiani?" Nilimjibu kwamba linaweza kugongwa, na kwamba mimi naogopa zaidi lile la chini ya mwembe.

Usiyemjua sharti umjue kwa karatasi, na hapa sina mzaha. Malipo yalipita benki, mkataba wa mauziano tuliusaini mbele ya wakili, tukaenda pamoja ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, na kadi halisi ya gari, vitambulisho na namba za mlipakodi (TIN) za wote wawili kuanza uhamisho wa umiliki. Ipo ada yake na ushuru wa stempu, msibishane juu ya nani alipe mkiwa dirishani, mkubaliane kabla. Msikubali ile ya "nipe kadi, nitabadilisha nikifika." Faini za barabarani zinaifuata namba ya gari, na namba inamfuata aliyeandikwa kwenye kadi. Mtu anaweza kukimbiza gari Mbeya na deni likakukuta wewe Makorora.

Kuhusu masharti, sikumwekea hata moja. Kuna rafiki yangu alinishauri nimwandikishe kwamba asibadilishe rangi, na kwamba akitaka kuliuza aanzie kwangu. Nikamuuliza, aanzie kwangu nimnunulie nani? Sharti la namna hiyo ni kuuza huku umeshikilia mkia. Badala yake nilimpa vile ambavyo gari linavihitaji: daftari la matengenezo lenye kila oili iliyomwagwa na kila plagi iliyobadilishwa, maana mali bila daftari huisha bila habari, boksi la gasketi na vipuri vya kabureta, na siri ya spea, kwamba Nissan Patrol za petroli zenye injini ya L28 ni za ukoo uleule wa Datsun, kwa kuwa mtengenezaji ni mmoja, na vitu vingi vya injini vinaingiliana. Nikampa na namba yangu na ya fundi.

Alipiga siku ileile aliyoondoka, saa nane mchana, akiwa Korogwe. Amesimama kula, amerudi garini, injini inazunguka na haishiki. Nikamwuliza ameegesha wapi. Juani. Nikamwambia petroli imechemkia kwenye mirija, afungue boneti aiache wazi, anywe chai, asiitese starti. Baada ya muda akanipigia tena, nyuma yake nasikia silinda sita zinaunguruma, akaniuliza kama ni hatari kwenda hivyo hadi Same kwenye joto lile. Nikamwambia aende, ila asizime injini mpaka apate kivuli.