Jibu: Sijalia tangu nimzike baba, nina hasira tu

Pole sana ndugu yangu. Unasema tangu umzike mzee mwaka jana hujatoa chozi, ila sufuria ikianguka tu jikoni unamfokea mkeo. Mimi ilinichukua miaka 3. Msibani waliniambia "jikaze, wewe ndiye baba wa nyumba sasa", nikajikaza kweli. Siku moja soko la Kiborloni, Moshi, kwenye mitumba, nikakutana na koti la kaki lenye kola iliyochakaa, kama la baba kabisa. Nikaliinua, nikalinusa. Nililia pale pale. Muuzaji akanisogezea kigoda, hata bei hakutaja.

Baadaye kilichonisaidia ni daftari. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwajaribishia wanafunzi zoezi hili miaka ya 1980: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, unaandika linalokuuma bila kujali mwandiko. Ukimaliza, choma ukitaka. Usishangae mara baada ya kuandika ukajisikia vibaya zaidi. Mimi siku ya pili hata mtori ulinishinda. Ila ukiona hulali, au unawaza kujidhuru, hilo si la daftari tena: nenda hospitali, kwa hapa Moshi ni Mawenzi au KCMC, ulizia huduma ya afya ya akili. Na mkeo mwambie, huenda anadhani umemchoka.