Ukitaka kiota cha mdiria, tazama samaki mdomoni

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi ya kuwatembeza wapenda ndege hapa Mombasa, wakitaka kiota cha mdiria, yule ndege mvuvi, huanza kwa kutafuta shimo lake la kuzalia. Wanapita ukingoni mwa hori la Tudor wameinamisha vichwa, kila tundu wanalikagua, na mengi huwa ya kaa. Mimi nawaambia: acheni mashimo kwanza, mtazameni ndege mwenyewe.

Mchukueni mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipigapiga mbawa kabla ya kujitupa majini. Samaki wa kumla mwenyewe humgonga tawini, kisha humgeuza ili kichwa kitangulie kooni na mapezi yasikwame. Wa kupeleka nyumbani humshika kinyume: kichwa kimetokeza kwenye ncha ya mdomo na mkia uko upande wake, maana atakayelishwa naye ataanza na kichwa. Ukimwona ameondoka na samaki wa namna hiyo, usimkimbilie. Kaa, angalia anapotelea wapi, ngoja arudi na mwingine. Njia yake utaijua.

Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, na aghalabu umekatika katikati. Msishangae mkiona madume zaidi ya mmoja wakihudumia tundu moja. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa hapa Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, akakuta wasaidizi wa aina mbili: watoto wa kiume wa uzazi uliotangulia, na madume wasio na udugu wowote na wenye kiota. Hao wageni walipokelewa Ziwa Victoria, ambako uvuvi ulikuwa mgumu. Naivasha, ambako wazazi walijimudu, walifukuzwa. Kwangu mimi hili peke yake latosha kumfanya mtu akae juani asubuhi nzima.

Halafu jifunzeni ardhi. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, na mdomo wa ndege haulitoboi. Mdiria anayechimba anataka ukingo wima wa mchanga au udongo laini, kwa hivyo tafuteni upande wa bara, vijito vinapokata udongo, hata kwenye kuta za machimbo ya mchanga. Dume na jike huchimba wote wawili: mdomo hubomoa, miguu husukuma mchanga nje, na vidole vyao vya mbele vilivyoshikana hufanya kazi ya sepeto. Handaki huingia ndani mita moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na mwisho wake kuna kijumba. Hakuna majani wala manyoya. Mayai meupe hutagwa juu ya udongo mtupu, na baadaye makinda hulalia miba ya samaki. Ndiyo maana tundu linalokaliwa hunuka shombo na mlangoni pana michirizi myeupe ya kinyesi. Keremkerem naye huchimba kwenye kingo hizohizo, lakini yeye hula wadudu. Shombo hilo hamtalisikia kwake.

Mdiria wa mikoko, mwenye mdomo mwekundu wote na mgongo wa buluu, msimtafute ukingoni. Huyu huzaa ndani ya mti, kwenye tundu lililoachwa na kigong'ota au katika kichuguu cha mchwa wa juu ya miti. Mti mkongwe wenye uvungu ukikatwa kwa kuni, nyumba yake imekwenda.

Sasa sikieni hili, kwa sababu ndilo linaloniuma. Handaki lina mlango mmoja. Mkisimama mbele yake, wazazi hawaingii. Watakaa tawini na samaki mdomoni, na makinda ndani wana njaa. Mayai huatamiwa siku 18 hivi, kisha makinda hukaa shimoni zaidi ya wiki tatu, na muda wote huo kenge anaweza kuwafukua. Msiwaongezee adui. Kaeni mbali, tumieni darubini, na tochi ya simu isiingie shimoni kabisa, hata mgeni akiomba na kuongeza bakshishi.

Kwenye daftari andikeni saa, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, na kichwa cha samaki kilielekea wapi. Mahali pa kiota pabaki baina yenu. Kwenye picha mnazoweka mtandaoni andikeni Mombasa tu.