Kabla ya kuchora mstari wa ajira wa miaka 30

Mlioingia karibuni kwenye takwimu za ajira, iwe Kampala au wilayani, mtaulizwa mapema tu hali ya ajira imekwendaje Afrika kusini mwa Sahara tangu miaka ya 1990. Namba zipo tele. Shida ni kwamba namba za miaka tofauti mara nyingi hazihesabu watu wa aina moja.

Anzeni na mwaka 2013. Ndipo wanatakwimu wa kazi walipokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na kubadili maana ya ajira. Kwa kipimo cha 1982, mama anayelima mihogo ya kula nyumbani aliweza kuhesabiwa kuwa ana ajira. Kwa kipimo kipya, ajira ni kazi ya malipo au faida peke yake. Mama huyo anafanya kazi, tena ngumu, lakini kwenye ajira hayumo. Kwa Uganda, ambako kilimo cha kujikimu kimeenea, athari yake ni kubwa mno. Pigeni hesabu: watu 95 wana ajira, 5 wanatafuta, ukosefu wa ajira ni asilimia 5. Waondoeni wakulima 40 wa kujikimu wasiotafuta kazi. Wanabaki 55 na wale 5, na ukosefu unapanda hadi asilimia 8.3 bila mtu yeyote kuachishwa kazi.

Kwa hiyo mkikuta mstari umeporomoka kati ya tafiti mbili, fungueni kwanza madodoso yake. Tafuteni swali linalouliza kama mazao ni ya kuuza hasa au ya kula. Likiwepo kote, rudini kwenye data za mtu mmojammoja, mhesabu upya kwa kipimo kimoja, na msisahau uzito wa sampuli, yaani idadi ya watu ambao kila aliyehojiwa anawawakilisha. Likikosekana kwenye utafiti wa zamani, kateni mstari hapo na mwandike sababu chini ya mchoro.

Umri nao huponza wengi. Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) hutumia miaka 14 hadi 64. Majedwali ya ILO huanzia 15. Kijana wa sera ya Uganda ana miaka 18 hadi 30, wa Umoja wa Afrika 15 hadi 35, wa ILO 15 hadi 24.

Makadirio ya ILO yanayoanzia 1991 yana namba ya kila mwaka, hata mwaka ambao nchi haikufanya utafiti wowote. Kwa kanda nzima yanafaa. Kwa nchi moja, angalieni kwanza ni miaka ipi iliyopimwa kweli.

Msichanganye pia sehemu na idadi. Nguvukazi ikikua kutoka watu milioni 10 hadi milioni 20, na kilimo kikashuka kutoka asilimia 70 hadi 60, wakulima wameongezeka kutoka milioni 7 hadi milioni 12.

La mwisho ndilo linalopotosha sera zaidi. Afrika Kusini ina ukosefu wa ajira unaozidi asilimia 30, Uganda uko chini sana, na mtu anahitimisha kwamba Uganda kuna kazi nzuri. Saa moja ya kuuza nyanya kando ya barabara ndani ya siku saba inatosha kumtoa mtu kwenye hesabu ya wasio na ajira, na asiye na akiba wala ruzuku hawezi kukaa bure. Kando ya kiwango hicho wekeni saa za kazi kwa wiki, kipato, na sehemu ya ajira isiyo rasmi, ambayo kwa Afrika nzima ILO iliikadiria mwaka 2018 kuwa zaidi ya asilimia 85.