Serikali Ikitaja Mbolea, Kwanza Ujue Udongo Wako Una Nini

Mimi ni mzaliwa wa Njombe. Kwa miaka tisa sasa nalima na mume wangu kusini mwa Saskatchewan, Kanada, kwenye ekari 320 za kukodi: ngano, dengu na kanola, zao la mbegu za mafuta ya kula. Ndugu na marafiki wamekuwa wakinitumia video za wakulima wenye hasira na kuniuliza kama kweli serikali ya huku inataka kutunyang'anya mbolea. Haitaki. Lakini hofu ya wakulima ina msingi, na yapo niliyojifunza katika vuta nikuvute hiyo ambayo yatamfaa yeyote anayelima kwa mbolea ya dukani.

Desemba 2020 serikali ilitangaza kwamba ifikapo 2030, gesi inayotokana na mbolea za mashambani iwe imepungua kwa asilimia 30 kutoka kiwango cha 2020. Gesi inayosemwa ni nitrasi oksidi. Nitrojeni, kirutubisho kikuu cha mbolea kama urea, ikikaa udongoni bila mmea kuiwahi, kisha udongo ukajaa maji na kukosa hewa, vijidudu huigeuza kuwa gesi hiyo. Kilo yake moja huongeza joto la dunia takriban mara 270 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Hilo silipingi. Ukame wa 2021 tuliuona kwa macho yetu: kanola ilifika magotini, ikachanua kidogo, ikakauka. Mkulima aliyepitia mwaka ule hawezi kupuuza habari za tabianchi.

Julai 2022 tulikutana kwenye ukumbi wa kijiji, watu wakajaa hadi mlangoni. Serikali ilikuwa ikieleza kwamba lengo ni kupunguza gesi, si mbolea yenyewe, na kwamba ni jambo la hiari. Mzee mmoja jirani yetu akasimama akasema, "Hiari ya leo ndiyo sheria ya kesho," na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wengine walitaja Sri Lanka, iliyozuia mbolea za viwandani mwaka 2021, mavuno ya mpunga yakaporomoka na katazo likaondolewa baada ya miezi michache. Kwa maoni yangu mfano huo haukutufaa, maana Kanada hakuna aliyekataza kitu.

Mimi lililoniuma ni hesabu. Makadirio ya gesi hii kitaifa hutegemea sana kiasi cha mbolea kilichouzwa. Nikinunua urea iliyotiwa dawa ya kuchelewesha upotevu, nikaiweka mahali pake na kwa wakati wake, lakini mifuko ikawa ileile, jitihada zangu hazionekani ipasavyo kwenye makadirio hayo. Na jirani aliyeacha kulima kwa jembe la trekta miaka mingi iliyopita, akabana matumizi yake ya mbolea mapema, naye anaanza kuhesabiwa 2020 sawa na aliyekuwa akimwaga ovyo. Hapo wakulima wana haki ya kulalamika.

Ila malalamiko bila vipimo hayafiki mbali. Vuli ya 2021, baada ya mavuno yale mabaya, tulipima udongo. Unasukuma bomba la chuma ardhini hadi sentimita 60, unatoa udongo ulioshikamana kama fimbo, unaukata kwa kina, unachanganya na wa sehemu nyingine za shamba, unapeleka maabara. Majibu yalipokuja nilidhani wamekosea. Kipande kimoja kilikuwa bado na kilo 30 hivi za nitrojeni kwa ekari, mbolea ambayo mazao yalishindwa kuitumia kwa kukosa maji. Tulikuwa tumepanga kuipa kanola kilo 45 za nitrojeni kwa ekari, tukaweka 20. Masika ile ya 2022 bei ya urea ilikuwa zaidi ya mara mbili ya 2020, na ile karatasi ya maabara ndiyo iliyotuokoa tusikope.

Kwa hiyo pima. Zipo taasisi za utafiti wa kilimo: nyumbani Tanzania wapo TARI Mlingano kule Tanga, Kenya wapo KALRO. Halafu acha ukanda mmoja wa shamba bila mbolea ya kukuzia, na mwingine uupe nusu, uvune kila mmoja peke yake na upime uzito. Utajua mbolea inakuletea nini hapo kwako.

Na fukia. Baba alitufundisha kuweka urea kwa kizibo cha soda, kimoja kwa kila shina la mahindi, na hakuruhusu mtu ahamie shina la pili kabla ya kufunika la kwanza. Huku mashine ya kupandia huiteremsha mbolea ardhini pembeni mwa mbegu, kanuni ileile ya baba. Mwaka wetu wa tatu tuliikiuka: tulinyunyiza urea juu ya udongo wenye unyevu, jua likawaka siku nne, mvua tuliyoahidiwa isije. Ukiinama ulisikia harufu kali ya amonia inayochoma pua. Wiki chache baadaye kipande kile kilikuwa na rangi ya njano hafifu katikati ya kanola ya kijani, na pesa yetu ilikuwa imekwenda hewani. Vilevile huku Kanada, ukiweka mbolea vuli kabla ya theluji, subiri udongo upoe chini ya nyuzi 10, la sivyo theluji ikiyeyuka maji yakatuama, utapoteza nyingi.

Serikali ilipokea maoni hadi 31 Agosti 2022. Nilituma kurasa mbili pamoja na majibu yetu ya maabara na uzito wa mavuno ya kila ukanda. Niliomba mbinu za mkulima zihesabiwe, waliotangulia watambuliwe, na gharama ya kupima udongo ichangiwe. Nilieleza pia kwamba nyanda zetu kavu haziwezi kupimwa kwa kipimo cha majimbo ya mashariki, Ontario na Quebec, kwenye mvua nyingi na udongo unaolowa zaidi.

Rekodi zetu ziko kwenye daftari la kawaida la shule: tarehe, kipande, aina ya mbolea, kilo, mvua, mavuno. Nenda nalo mkutanoni, na ukipewa nafasi ya kusema, lifungue uwasomee.