Maswali na Majibu: Programu Rahisi za Kuhariri Picha

Ninachotaka ni kukata kingo za picha na kuiongezea mwanga tu. Nisakinishe programu gani?

Kabla ya kusakinisha chochote, ifungue kwanza programu iliyokwishamo ndani ya kifaa chako, kwani Photos ya Windows, Preview ya Mac na programu za picha za simu nyingi hufanya kazi hizo mbili bila malipo. Hata hivyo, ikiwa uso wa mtu umeingia kivulini ilhali anga nyuma yake tayari linang'aa, kuongeza mwanga wa picha nzima kutaiharibu. Hapo ndipo ninapopendekeza Snapseed, programu ya bure ya simu inayokuwezesha kurekebisha sehemu moja tu.

Niliikata picha kwa programu ya kuhariri ya GIMP na kuihifadhi, lakini ninaowatumia hawawezi kuifungua. Nimekosea wapi?

Amri ya kuhifadhi ya GIMP hutoa faili ya XCF, ambayo hutunza matabaka ya kazi yako, yaani sehemu za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, ili uendelee nayo baadaye, na programu nyingi za kawaida haziitambui. Ili kupata JPEG au PNG, aina za faili za picha zinazofunguka karibu kila mahali, tumia amri ya Export As katika menyu ya faili. GIMP, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1990, ninaiheshimu sana, lakini kwa anayekata kingo tu ni mzigo mkubwa kuliko safari. Kwenye Windows, Paint.NET itakutosha.

Kila ninapoihariri picha ileile, ubora wake unashuka. Je, programu yangu ni mbovu?

Yaelekea tatizo ni aina ya faili, wala si programu. JPEG hupunguza uzito kwa kuigawa picha katika vipande vya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogo ambayo jicho halitambui kwa urahisi. Kila unapoibadilisha picha na kuihifadhi upya, mengine hutupwa, na yaliyotupwa hayarudi. Nakuomba sana usihariri picha ya asili: tengeneza nakala, na ufanye marekebisho yote kabla ya kuihifadhi. Ukijua kwamba utairudia kazi hiyo, ihifadhi kwa PNG, ambayo ni nzito zaidi lakini haitupi kitu.

Fomu ya mtandaoni inakataa picha yangu kwa sababu ni nzito mno. Niikate?

Hapana, kukata kutaondoa sehemu ya picha. Punguza vipimo vyake. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na ukiifanya 1600 kwa 1200 hubaki chini ya milioni 2, ambazo zinatosha kabisa kuonekana vizuri kwenye skrini. Programu ya Windows iitwayo IrfanView hufanya hivyo hata kwa picha nyingi kwa pamoja, nayo ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Hakikisha tu kwamba umechagua kudumisha uwiano wa upana na urefu, la sivyo nyuso zitavutika.