Mwanangu, kata rufaa

Mwanangu mpenzi,

Watu wa mafao ya wagonjwa wameamua kwamba unaweza kufanya kazi, nawe umeniuliza kama kuna haja ya kukata rufaa, au uwaachie tu kwa kuwa huna nguvu za kubishana nao. Kata. Nimewakalimania wenzetu wengi mbele ya mabaraza ya rufaa hapa Uingereza, na nimeona kinachosikilizwa.

Walipokupima kama unaweza kazi, walikunyima alama, zile zinazoonyesha ugonjwa unavyokuzuia, kwa kuwa ulifika kwa wakati, ukiwa nadhifu, ukajibu kila swali. Hawakuuliza uliamkaje kesho yake. Mimi najua: hukula, hukutoka kitandani, hukupokea hata simu yangu. Kinachopimwa si kama unaweza kufanya jambo mara moja kwa kujikaza, bali kama unaweza kulirudia mara kwa mara bila kuanguka. Hapo ndipo uamuzi wao ulipopwaya.

Anza kwa kuomba waupitie upya. Una mwezi 1 tangu tarehe iliyo kwenye barua, si tangu siku uliyoifungua. Ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa, eleza hivyo. Wakishikilia uamuzi wao, unapata mwezi 1 mwingine wa kwenda kwenye baraza, ambalo haliko chini ya ofisi yao wala halitozi ada. Hapo utasikilizwa na jaji pamoja na daktari. Omba kusikilizwa ana kwa ana, usikubali waamue kwa karatasi peke yake. Nitakaa kando yako.

Daktari wako asiishie kuandika kwamba una sonona sugu, hilo hawalipingi. Aandike unavyoshindwa kuanza jambo na kulimaliza, kutoka nje peke yako, kukaa na watu usiowajua, kustahimili ratiba ikibadilika. Hayo ndiyo yanayopewa alama, na zinatakiwa 15. Tena aeleze ulivyokuwa wakati ule walipoamua, maana baraza huangalia hali ya siku hiyo, si ya leo. Ujumbe ulionitumia usiku miezi ile bado ninao wote. Ukiridhia, tutauambatanisha.

Kuna jambo moja zito. Hata mtu asipofikisha alama, sheria inamlinda ikiwa kumhesabu kuwa anaweza kazi kutahatarisha sana afya yake. Uliniambia mawazo yanayokujia ukibanwa. Najua ni vigumu kuyasema mbele ya mgeni, lakini mwambie daktari wiki hii, rufaa au hakuna rufaa. Yakikuzidi kabla ya hapo, nipigie saa yoyote. Nitakuja na tutakwenda hospitali pamoja.

Umesema unajiona ombaomba. Limeniuma neno hilo, mwanangu. Ulifanya kazi mpaka mwili ukagoma, na mafao haya yaliwekwa kwa ajili ya mtu aliyefika hapo ulipo.

Nitumie picha za kurasa zenye alama. Ombi tutaliandika kwa simu: wewe sema, mimi niandike, ukichoka tutaendelea kesho yake.

Mama