Maswali ya Wasomaji: Kompyuta inayogawa intaneti yazima kila jioni

SWALI: Assalaam aleikum, mwandishi. Nina saiba ndogo hapa Langoni, Lamu. Kompyuta moja yenye Linux ndiyo inayozigawia nyingine zote intaneti, nayo ina kadi mbili za mtandao, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Tangu niliposasisha mfumo mwezi uliopita, jioni wateja wakijaa huganda ghafla, na kwenye skrini hubaki maandishi mengi ambayo ya mwisho ni "Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt". Nikiizima na kuiwasha hurudi sawa, lakini nikitafuta rekodi za tukio sioni kitu. Fundi ananiambia ni joto na chumvi ya bahari, ninunue ubao mama mpya; mpwa wangu anashikilia kuwa ni wadukuzi. Nimsikilize nani?
Mwenye saiba, Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, maana wote wanakisia, na ubao mama wa kufuatwa Mombasa, ukavushwa kutoka Mokowe, si kitu cha kununuliwa kwa kukisia. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilieleza kilichoisibu kabla ya kusimama, na kazi yako ya kwanza ni kuyapata maelezo hayo yakiwa kamili.

Anza na maneno uliyoyanakili. Pakiti za data, yaani vipande vinavyosafiri mtandaoni, zinapofika, kadi ya mtandao humkatiza prosesa kazi yake, na kerneli huacha ilichokuwa ikifanya ili kuzipokea. Kosa likitokea wakati kerneli inaihudumia programu fulani, mara nyingi huiua programu hiyo peke yake na mashine ikaendelea, japo kwa kuchechemea. Likitokea katikati ya ukatizaji, hakuna programu ya kuuawa, wala kerneli haina tena hakika kwamba data iliyoishika ni salama; basi husimamisha kila kitu, kwani kuendelea kungeweza kuharibu hata mafaili yaliyo kwenye diski. Ndiyo sababu hitilafu ndogo ya upande wa mtandao huangusha mashine nzima, na ndiyo sababu hukukuta rekodi: anayeandika rekodi kwenye diski huitegemea kerneli iliyo hai.

Picha ya simu husaidia, lakini skrini huonyesha sehemu ya chini tu, ilhali lenye maana zaidi ni kosa la kwanza, lililokwisha kupanda juu na kupotea. Tumia moduli (kipande cha ziada cha kerneli) iitwayo netconsole, ambayo huyatuma maneno ya kerneli kwenye kompyuta nyingine papo hapo. Ikiwa kompyuta yako ina anwani 192.168.1.2 na ya kupokea ina 192.168.1.10, amri itafanana na hii, ukibadilisha jina la kadi (hapa enp2s0) liwe la kwako:

modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.2/enp2s0,6666@192.168.1.10/

Kisha andika dmesg -n 8 ili ujumbe wa kila daraja upite, na kwenye kompyuta ya pili acha nc, programu ndogo ya kupokea data za mtandao, ikisikiliza UDP (aina ya utumaji inayotumiwa na netconsole) katika poti 6666. Hapa pana mtego: ukiyapitisha maneno hayo kwenye kadi ileile inayoleta balaa, huenda mistari ya mwisho isitoke kabisa. Kwa bahati unazo kadi mbili, kwa hiyo jaribu kwanza ile inayoelekea kompyuta za saiba, na usitegemee Wi-Fi, kwa kuwa viendeshi vyake vingi (programu zinazoendesha kadi) haviikubali njia hii. Ikishindikana, iko kdump, inayotenga sehemu ya RAM kwa kerneli ya akiba itakayoamka ya kwanza ikifa na kuhifadhi nakala ya kumbukumbu yote. Nakala hiyo hubeba hata nywila za watu, kwa hiyo usimtumie mtu usiyemwamini.

Maelezo yakishapatikana, tafuta mstari unaoanza na RIP, kisha orodha iliyo chini ya "Call Trace". Mstari wa RIP hutaja kazi iliyokuwa ikitekelezwa, na mabano ya mraba yanayofuata hutaja moduli yake. Ukikuta r8169, kwa mfano, huyo ni kiendeshi cha kadi za Realtek, zilizojaa katika kompyuta za bei nafuu. Jina hilo likirudi kila mara, mshuku kiendeshi. Kila anguko likitaja mahali tofauti pasipohusiana, hapo fundi wako atakuwa na hoja: pima RAM kwa memtest86+ usiku kucha, safisha vumbi, kagua kutu kwenye vituo vya kadi, na angalia ugavi wa umeme. Hewa ya pwani kweli hula metali, ila haichagui kuanza siku ya usasishaji.

Hiyo siku ya usasishaji ndiyo fununu yako kubwa. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapowashwa, chagua kerneli ya zamani, ambayo kwa kawaida bado imo, na uitumie jioni kadhaa zenye wateja walewale. Usipotaka kungoja jioni, sukuma data nyingi mchana kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kutoka kompyuta ya jirani. Ya zamani ikistahimili na mpya ikaanguka, kosa limeingia na toleo jipya. Kabla ya kurekebishwa, jaribu ethtool -K enp2s0 tso off gso off gro off, ambayo huiondolea kadi na kerneli mbinu za kuunganisha pakiti. Prosesa atachoka kidogo, lakini njia hizo ni maficho ya kasoro nyingi.

Na wadukuzi? Jambo hilo linawezekana. Mwezi wa Juni 2019 ilitangazwa kasoro CVE-2019-11477, iliyomwezesha mtu aliye mbali kuiangusha Linux kwa pakiti za TCP zilizopangwa kwa hila. Lakini ilizibwa, nawe umesasisha, na mdukuzi hana sababu ya kungoja wateja wako wajae.

SWALI: Hapa Malindi kompyuta yetu haizimi, ila mtandao hukatika na rekodi husema "NETDEV WATCHDOG: transmit queue 0 timed out". Je, ni ugonjwa huohuo?
Msomaji, Malindi

JIBU: Sivyo. Kerneli yako i hai; inalalamika kwamba kadi imepewa pakiti za kutuma na haikuthibitisha kuzituma kwa muda uliowekwa. Badilisha waya na poti ya swichi kwanza, maana ni rahisi. Hali ikibaki ileile, anzisha mashine kwa kuongeza pcie_aspm=off kwenye mstari wa kuwashia kerneli katika GRUB, kwa sababu kadi nyingine hulala kuokoa umeme na zikashindwa kuamka. Kisha jaribu kadi ya aina nyingine.